Sura ya Saba: Mnyama Akishatoweka, Anarudishika?

Tangu zilipoenea habari za mwaka 2025 kwamba kampuni moja ya Marekani "imefufua" mbwamwitu wa kale, swali moja limekuwa likizuka kila yanapoanza mazungumzo ya wanyamapori, iwe darasani au redioni. Kama maabara zinaweza kumrudisha mnyama aliyekwisha, ya nini kutumia mabilioni kuwalinda hawa waliobaki? Si tuwaache, na siku tukiwahitaji tuwafufue?

Kwa Watanzania swali hilo lina pacha wake: na yule mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, je?

Nianze na mjusi, maana jibu lake ni fupi. Mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 huko Tendaguru, Lindi, na leo kiunzi chake chenye kimo cha zaidi ya mita 13 kimesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Ili kumtengeneza mnyama upya unahitaji vinasaba vyake, ambavyo wengi tunaviita DNA: yale maelekezo yaliyomo ndani ya seli, yanayoamua kiumbe awe na manyoya au magamba, awe mrefu au mfupi. Vinasaba huanza kukatikakatika mara tu mnyama anapokufa, kwa sababu ya joto, maji na bakteria. Vile vya kale kuliko vyote vilivyowahi kusomwa vilihifadhiwa na baridi kali ya Greenland, na umri wake ni miaka kama milioni 2. Dinosaria wa mwisho walikufa miaka milioni 66 iliyopita, na mfupa wa Tendaguru umekwisha kuwa jiwe. Mjusi yule hawezi kufufuliwa. Mifupa yake kurudishwa nyumbani ni mjadala mwingine, na ni mjadala wa haki.

Kwa wanyama waliotoweka juzi, hata hivyo, swali ni gumu zaidi, na linahitaji tuelewe kwanza wanakwishaje.

Kutoweka kuna ngazi zake

Spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wenyewe kwa wenyewe na kupata watoto ambao nao wanaweza kuzaa. Punda na farasi wanaweza kumzaa baghala, lakini baghala huyo kwa kawaida hazai, na ndiyo maana punda na farasi huhesabiwa kuwa spishi mbili.

Tunaposema spishi "imetoweka" huwa tunachanganya mambo matatu. La kwanza ni kutoweka mahali fulani: faru weupe wa kaskazini waliisha katika eneo la West Nile, Uganda, huku wenzao wakiendelea kuishi ng'ambo ya mpaka, Kongo. La pili ni kutoweka porini, ambapo wanyama wamebaki kwenye bustani za wanyama au maabara tu. La tatu ni kutoweka kabisa, pale anapokufa wa mwisho.

Mara chache sana sayansi hutangaza kifo mapema mno. Silikanti, samaki aliyeaminika kuwa alikwisha pamoja na dinosaria, alinaswa Afrika Kusini mwaka 1938 akiwa mzima. Tangu 2003 wavuvi wa Tanga nao wamewanasa silikanti wengi kwa nyavu za jarife zinazotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 Tanzania ikaanzisha hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Lakini bahari ina vilindi vya kujificha. Faru hana.

Samaki waliopotea bila watu kujua majina yao

Vitabu hutaja sababu zilezile kila mara: makazi kuharibiwa, uwindaji wa kupita kiasi, viumbe wageni, magonjwa, uchafuzi, mabadiliko ya tabianchi. Orodha hiyo ni sahihi, ila haionyeshi kwamba sababu hizi huja kwa pamoja na kusaidiana. Ili kuliona hilo, twende Ziwa Victoria.

Ziwa hili lilikuwa na zaidi ya spishi 500 za furu, wale samaki wadogo ambao wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Kila spishi ilikuwa na kazi yake. Kuna furu waliovunja konokono, waliokwangua mwani kwenye miamba, waliokula wadudu wa topeni, hata walioishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine. Jike la furu hulea mayai na watoto wake mdomoni. Kwa maofisa wa uvuvi wa enzi za ukoloni, hao wote walikuwa samaki wasio na thamani, na katika miaka ya 1950 wakamwingiza ziwani sangara, samaki anayeweza kupita kilo 100, ili furu wageuzwe kuwa nyama ya kuuzika.

Kwa miaka kama 20 sangara hakuonekana kufanya kitu. Kisha, miaka ya 1980, akalipuka. Watafiti waliokuwa wakivuta nyavu katika Ghuba ya Mwanza waliona furu wakipukutika ndani ya miaka michache, spishi baada ya spishi, nyingine zikiwa bado hazijapewa hata jina la kisayansi. Inakadiriwa kwamba spishi kama 200 zilipotea. Sijui msiba mwingine wa wanyama wenye uti wa mgongo uliotokea kwa haraka kiasi hicho katika zama zetu, na ulitokea mbele ya miji mikubwa, Mwanza, Kisumu na Entebbe, bila mtu kulia.

Sangara hakufanya kazi peke yake. Mafuta yake ni mengi, hivyo hakaushiki juani kwa urahisi kama furu. Lazima abanikwe au akaangwe, na kwa hilo miti ikakatwa. Udongo ukateremka ziwani pamoja na mbolea na maji taka, mwani ukastawi, maji yakafifia. Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo kila nikilifikiria linanishangaza. Jike la furu humchagua dume kwa rangi: huyu wa buluu, yule mwekundu. Maji yakiwa machafu mwanga haupenyi, rangi hazionekani, na majike huanza kupandwa na madume wasio wao. Watoto huchanganyika, na baada ya muda spishi mbili huyeyuka zikawa moja. Spishi inaweza kutoweka bila samaki hata mmoja kuliwa.

Sisemi sangara hakuleta kitu. Aliajiri maelfu ya watu, na minofu yake iliingiza fedha za kigeni. Ila minofu ilikwenda Ulaya, na mama wa Mwanza aliyezoea kununua fungu la furu akabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki kiwandani. Hata sato, ambaye leo tunamwona kama samaki wa asili wa ziwa lile, aliletwa katika miaka ileile. Mwenyeji ni ngege, ambaye sasa yampasa mtu kumtafuta kwenye maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli huko Kenya.

Sangara walipovuliwa kupita kiasi miaka ya 1990, baadhi ya furu walirudi, hasa wale wasiochagua sana chakula. Waliokuwa na maisha ya kipekee hawakurudi.

*Kwa kifupi hadi hapa:* spishi hufa pale mambo yaliyoishikilia yanapoachia kwa pamoja. Wingi nao si kinga. Njiwa wahamaji wa Amerika Kaskazini walikuwa mabilioni, wakapigwa bunduki huku misitu yao ikikatwa, na wa mwisho, Martha, akafa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914.

Vyura waliosafiri kwenda New York

Kwenye milima ya Udzungwa, mpakani mwa Morogoro na Iringa, Mto Kihansi huporomoka kwenye korongo. Maporomoko yalirusha manyunyu usiku na mchana, na kwenye majani yaliyoloweshwa na manyunyu hayo, katika eneo la kama hekta 2 tu, aliishi chura wa rangi ya dhahabu asiyefika hata sentimita 3. Hatagi mayai majini kama vyura wengine. Huzaa watoto waliokamilika, wadogo mno. Sayansi ilimgundua mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza.

Mitambo ya Kihansi ina uwezo wa megawati 180. Kwa nchi iliyokuwa ikiishi kwa mgao wa umeme, hilo halikuwa jambo dogo, na waliouliza "umeme au vyura?" walikuwa na hoja. Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo, sehemu kubwa mno ya yale yaliyokuwa yakishuka korongoni, karibu asilimia 90, ikakatwa. Manyunyu yakaisha.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kusafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huko korongoni mabomba yakafungwa ili kurusha manyunyu ya bandia, na kwa muda vyura walioachwa wakaongezeka. Kisha mwaka 2003 wakaanguka ghafla. Kuvu anayeshambulia ngozi za vyura, ambaye ameangamiza spishi nyingi duniani, alipatikana kwenye korongo hilo. Mwanzoni mwa 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa rasmi kuwa ametoweka porini.

Marekani nako mambo hayakuwa rahisi. Waliopelekwa walikufa kwa wingi, idadi ikashuka chini ya 100, hadi wahudumu wa Bronx na wa Toledo, Ohio, walipojua mwanga wa aina gani, unyevu kiasi gani na wadudu wadogo wa ukubwa upi vinamfaa. Kisha wakaanza kuzaana hadi wakawa maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Dar es Salaam, kwenye maabara iliyotengenezwa chuo kikuu kwa ajili yao, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi, chini ya mabomba ya manyunyu.

Nimeisimulia habari hii kwa kirefu kwa sababu inajibu nusu ya swali letu. Kumwokoa chura mwenyewe kuliwezekana: maboksi yenye unyevu, ndege, na wahudumu wavumilivu. Lililokuwa gumu, na ambalo bado ni gumu, ni kumpa mahali pa kurudi. Maji yake yanazalisha umeme, manyunyu yake yanategemea mabomba na mtu wa kuyasafisha, na yule kuvu hajaondoka. Bila mabomba hayo, chura huyu hawezi kuishi kwao.

Njia tatu za kumrudisha aliyekufa

Wanasayansi wana njia kuu tatu.

Ya kwanza ni *kloni*, yaani nakala. Unachukua kiini cha seli ya mnyama aliyekufa, unakiweka ndani ya yai la jamaa yake lililoondolewa kiini chake, kisha unapandikiza kwa mama mbebaji. Njia hii inahitaji seli zilizogandishwa vizuri, mfupa hautoshi. Hispania walijaribu kwa mbuzi-mwitu wa milima ya Pirenei aitwaye bucardo. Wa mwisho, jike lililoitwa Celia, alifariki Januari 2000, lakini seli zake zilikuwa zimechukuliwa. Mwaka 2003 mbuzi alimzaa mtoto mwenye vinasaba vya Celia. Alikufa baada ya dakika chache kwa kasoro ya mapafu. Na hata angeishi, angezaa na nani? Nakala zote za Celia zingekuwa majike.

Ya pili ni *kuhariri vinasaba*: unamchukua jamaa aliye hai na kubadilisha sehemu chache za maelekezo yake ili afanane na aliyetoweka. Ndivyo ilivyofanyika kwa mbwamwitu wa 2025. Kampuni ya Colossal ilichukua seli za mbwamwitu wa kijivu wa leo na kufanya mabadiliko 20 katika jeni 14. Vinasaba vya mbwamwitu vina herufi zaidi ya bilioni 2. Ukiifunga Noah taa na bampa za Land Cruiser, gari lako bado ni Noah. Watoto wale ni wanyama wazuri, wakubwa na weupe, na kazi ya maabara iliyofanyika ni ya hali ya juu, lakini ni mbwamwitu wa kijivu waliohaririwa. Kuwaambia watu kwamba spishi iliyotoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita imerudi ni kuwapotosha, na upotoshaji huo una madhara, kwa sababu ndio unaozaa lile swali la "ya nini kuwalinda waliobaki".

Ya tatu ni *kiinitete*: yai na mbegu za kiume vinaunganishwa maabara, na kiinitete hicho cha siku chache hugandishwa hadi apatikane wa kukibeba. Hii ndiyo inayotumika jirani kabisa na sisi.

Najin na Fatu

Mwaka 1960 faru weupe wa kaskazini walikuwa zaidi ya 2,000, kuanzia Chad hadi Uganda. Pembe zao ziliuzwa Asia kama dawa, na Yemen zikachongwa mipini ya majambia. Vita vya Sudan na Kongo vikamaliza kazi. Mwaka 1984 walibaki 15 porini, wote katika Hifadhi ya Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Askari wa wanyamapori wa Garamba waliwalinda hadi wakakaribia 30, kisha silaha zikaingia tena na wakaisha wote.

Mnamo Desemba 2009 faru wanne waliokuwa kwenye bustani ya wanyama huko Jamhuri ya Cheki waliletwa Ol Pejeta, Laikipia, Kenya, kwa tumaini kwamba hewa na nyasi za Afrika zingewafanya wazae. Hawakuzaa. Mmoja wao, Suni, alikufa 2014. Sudan, dume la mwisho, aliyekuwa amekamatwa akiwa mtoto kusini mwa Sudan, alifariki tarehe 19 Machi 2018 akiwa na miaka 45. Wamebaki bintiye Najin, aliyezaliwa 1989, na mjukuu wake Fatu, aliyezaliwa 2000. Wote wawili hawawezi kubeba mimba.

Tangu Agosti 2019 madaktari wa mradi wa BioRescue wamekuwa wakimlaza Fatu kwa dawa ya usingizi, wakivuna mayai yake kwa sindano ndefu inayoongozwa na picha za mawimbi ya sauti, na kuyakimbiza kwa ndege hadi maabara ya Cremona, Italia. Huko huunganishwa na mbegu za madume waliokufa zamani, zilizogandishwa wakati wa uhai wao. Najin, ambaye naye mwanzoni alivunwa mayai, alistaafishwa kazi hiyo mwaka 2021 kwa sababu ya umri. Viinitete zaidi ya 30 vya faru weupe wa kaskazini vimehifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Wa kuvibeba ni binamu zao, faru weupe wa kusini. Mwaka 2023 jike mmoja wa kusini, Curra, alipandikizwa kiinitete cha majaribio cha faru wa kusini, na mimba ikashika. Baada ya mvua kubwa bakteria waliokuwa udongoni walimuua kabla hajazaa. Ndani yake palikutwa kijusi dume cha siku 70, chenye urefu wa sentimita 6.4, kimeumbika vizuri. Kwa hiyo ilithibitika kwamba njia inafanya kazi. Mimba ya faru huchukua miezi 16, na ndama akizaliwa anahitaji kujifunza ufaru kutoka kwa wakubwa wa aina yake: kuchagua nyasi, kugaragara kwenye matope, kusimama na wenzake. Walimu waliopo ni wawili tu, na mmoja amezeeka.

Tufufue au tusifufue?

Mimi naunga mkono mradi wa faru na sikubaliani na ule wa kumtengeneza mamothi, tembo wa manyoya, ambaye wa mwisho alikufa miaka kama 4,000 iliyopita katika kisiwa cha Wrangel, Urusi. Kabla ya mradi wowote wa namna hii kupewa fedha, ningetaka ujibiwe maswali haya:

1. Kilichomuua kimeondolewa?
2. Pana mahali pa kuishi, na watu wa mahali hapo wanamtaka?
3. Wapo wa aina yake, au jamaa wa karibu, wa kumbeba na kumlea?
4. Zipo seli za wanyama wengi tofauti, au tutatengeneza ukoo wa mnyama mmoja?

Swali la nne hupuuzwa sana. Wanyama wenye vinasaba vinavyofanana mno huugua pamoja na kufa pamoja. Ndiyo maana matumizi ya kloni ninayoyaheshimu kuliko yote hayakumfufua mfu yeyote. Huko Marekani kuna mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, fereti mwenye miguu myeusi. Wote waliopo walitokana na mababu 7. Mwaka 2020 alizaliwa Elizabeth Ann, nakala ya jike ambaye seli zake ziligandishwa mwaka 1988 na ambaye hakuwa ameacha kizazi. Mwaka 2024 nakala nyingine ya jike huyohuyo, Antonia, ilizaa. Damu iliyokuwa imepotea ikarudishwa ndani ya spishi iliyo hai.

Mamothi hupita swali lipi? Tembo hubeba mimba miezi 22, na tembo wa Asia, jamaa yake wa karibu, mwenyewe yumo hatarini. Tembo hulelewa na bibi, mama na mashangazi, wanaomwonyesha maji yalipo wakati wa ukame. Mamothi wa maabara atalelewa na nani? Watetezi wake husema utaalamu utakaopatikana utawasaidia wanyama waliopo. Huenda. Lakini kama lengo ni kuwasaidia waliopo, tunaweza kuanza nao moja kwa moja. Kenya ilikuwa na faru weusi karibu 20,000 mwaka 1970, wakashuka chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo wamefika kama 1,000, kwa uzio, askari wanaolipwa, na jamii zinazonufaika. Hakuna seli iliyohaririwa. Na hao faru weupe wa kusini tunaowaomba matumbo yao walikuwa wamebaki chini ya 100 Afrika Kusini mwishoni mwa karne ya 19; leo ni maelfu kwa sababu walilindwa.

Swali la pili, la mahali, limeanza kujibiwa kwa vitendo. Juni 2023 faru weupe wa kusini 16 walihamishwa kutoka Afrika Kusini hadi Garamba, palepale walipoishia wenzao wa kaskazini. Wanakula nyasi zilezile, na wanalindwa katika nchi ambayo amani yake bado haijatulia. Wakidumu miaka 10 bila kuuawa, patakuwa na pa kumpeleka ndama wa Fatu. Wakiuawa, viinitete vya Cremona vitabaki salama kwenye naitrojeni yao, na hapatakuwa na pa kuvipeleka.